Baa ya wanachama pale Kihesa, Iringa: nyota nne, na kwa nini uende kabla mkataba haujaisha

Kama uko Iringa siku ya Alhamisi au Jumamosi na unataka muziki unaopigwa mbele ya macho yako, nenda Kihesa kwenye baa ya wanachama, yaani baa inayomilikiwa na wenye hisa. Naipa nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeinyima kwa sababu ya choo na jiko, nitaeleza. Na niseme mapema: mimi ni fundi wa redio na amplifaya, kibanda changu kiko Miyomboni, na nina hisa pale. Spika za ukumbi ule nimezifungua na kuzifunga kwa mikono yangu. Kwa hiyo siandiki kama mpita njia. Naandika kwa sababu mkataba wa pango unaisha mwisho wa mwaka, mwenye jengo ana mipango mingine, na watu wengi mjini wanaisifia ile baa bila kujua inaishi kwa kitu gani.

Kufika ni rahisi. Panda daladala ya Kihesa kutoka mjini, shuka sokoni, uliza baa ya wanachama, mtoto yeyote atakuonyesha. Usiku urudi na bajaji au bodaboda. Wapo wanaopaki nje, na waendesha boda wawili kati yao nao ni wanachama. Chukua koti. Juni na Julai baridi ya Iringa haina mchezo, na mlango mkubwa unaachwa wazi hadi muziki uanze.

Jengo lilikuwa ghala la mahindi: kuta za tofali za kuchoma, paa la bati, sakafu ya saruji. Fundi mitambo akisikia hivyo vitu vitatu anajua kinachomsubiri, mwangwi. Zamani ulikuwa ukipiga makofi karibu na kaunta, makofi yanakurudia kutoka ukuta wa nyuma. Bendi zilipandisha sauti ili zijisikie, mwangwi nao ukapanda, mwisho wake mwimbaji anapasua koo na meza ya mbele haijaambulia neno hata moja. Tuliwahi kufikiria kununua sponji maalumu za ukutani. Bei yake ingemaliza mtaji wote.

Tiba ilitoka kwa kina mama wanaosuka vikapu vya milulu, hivi vikapu vya Iringa ambavyo watalii wanaokwenda Ruaha hununua njiani. Waliomba ukuta wa kuvitundika viuzwe, na ukumbi ubaki na sehemu ya kumi ya mauzo. Vikapu vilipojaa ukuta wa nyuma kutoka chini hadi juu, niliingia kujaribu mitambo nikasimama pale katikati nikishangaa. Ule mlio mkali wa makofi ulikuwa umepungua kabisa. Milulu ni laini, inameza sauti za juu, na vikapu vimetokeza kwa vimo tofauti, kwa hiyo sauti inayogonga pale inatawanyika, hairudi yote kwa pamoja. Shida moja: mzigo ukiuzika vizuri, ukuta unabaki mtupu na ukumbi unaanza kulia tena. Sasa kuna utaratibu kwamba safu mbili za juu haziguswi mpaka vikapu vipya vifike. Mgeni akipenda cha juu anaandikisha jina, anasubiri. Wanaochukizwa na jambo hilo wapo, lakini mimi nawaomba wavumilie, maana wakati wanasubiri wanasikiliza muziki mzuri kwa sababu ya kikapu hichohicho.

Kuta za pembeni ni za wachoraji, wengi wao vijana wa vyuoni. Kazi zinabadilishwa kila baada ya wiki chache. Nyingine ni nzuri sana, nyingine bado. Jumapili moja moja jioni kuna mashairi na ngonjera, na hapo watu huja na watoto, soda tu.

Alhamisi ndiyo siku ninayoipenda. Ni siku ya vyombo visivyohitaji umeme: magitaa makavu, zeze, marimba, na ukibahatika, ligombo. Huyu wa ligombo ni babu mmoja wa upande wa Kalenga. Chombo chake ni ubao uliochimbwa katikati, uzi umepitishwa kwenye matundu ya ncha mbili ukienda na kurudi, na kibuyu cha kukuza sauti. Kinatoa sauti ndogo, ya karibu, na mwimbaji wa ligombo haimbi kwa kupaza, anaongea na wewe kwa wimbo. Mtafiti wa muziki wa Afrika, Hugh Tracey, alipopita Tanganyika mwaka 1950 na mashine zake za kurekodi, alizichukua nyimbo za ligombo za Wahehe, akiwemo mpigaji Pancras Mkwawa, na leo rekodi zake zimehifadhiwa Afrika Kusini. Mtu wa Ulaya anaweza kuzisikiliza kirahisi kuliko kijana wa Kihesa. Ndiyo maana kumwona babu ameketi kwenye kiti cha plastiki, mita chache kutoka kwenye friji ya bia, mimi nahesabu ni jambo kubwa.

Mara ya kwanza kumwekea maiki ilikuwa vita. Ukiisogeza kwenye kibuyu, inapiga mluzi. Ukiiondoa, husikii kitu. Tukahangaika naye, yeye mwenyewe ametulia, hadi mgao wa umeme wa mwishoni mwa mwaka 2023 ukatufundisha. Umeme ulikatika wimbo ukiwa katikati. Jenereta tulikuwa nayo, ila petroli ilikuwa haitoshi kwa friji na mitambo, na meneja akachagua friji. Babu hakusimama. Watu wakasogeza viti wenyewe, wakakaa kumzunguka, waliokuwa wanaongea wakanyamaza, simu mbili tatu zikawashwa tochi na kuelekezwa chini. Nilikaa pembeni ya kaunta na nilisikia kila uzi. Tangu usiku ule hatumwekei maiki. Viti vinapangwa duara, mhudumu hapiti na oda wakati wimbo unaendelea, na friji ya kaunta, ile inayonguruma, inazimwa kwa dakika anazopiga. Ukienda Alhamisi ukakuta kaunta haikuhudumii kwa muda, sababu ni hiyo. Usigonge meza.

Jumamosi ni bendi na mitambo kamili. Wiki nyingine dansi, wiki nyingine vijana wa bongo fleva wanaoimba na vyombo badala ya kufuatisha biti. Hapa nina lawama. Vijana wakishika mikisa, mashine ya kuchanganya sauti, wanapandisha besi hadi bati linatetemeka, na sauti ya mwimbaji inazama. Nimebandika karatasi pale kwenye mikisa kuonyesha alama zisizopaswa kupitwa. Wanaifuata saa moja ya kwanza. Ukitaka kusikia vizuri, kaa upande wa kulia wa ukumbi, meza ya tatu au ya nne kutoka mbele. Nyuma kabisa chini ya vikapu pia pazuri. Usikae kona ya kushoto karibu na stoo, besi yote inakusanyika pale. Na masika, mvua ikipiga kwenye bati, hakuna mitambo inayoshinda. Bendi husimama, watu huagiza, mvua ikipungua wanaendelea.

Watu wazima wa mji huu wakisikia gitaa la solo linapanda vizuri, jina litakalotajwa ni Tancut Almasi Orchestra. Ilikuwa bendi ya kiwanda cha kukata almasi cha hapahapa Iringa, miaka ya 1980, na mapacha Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa waliipa sauti ambayo nchi nzima iliijua. Iringa ilikuwa kwenye ramani ya dansi kwa sababu kiwanda kilinunua vyombo na kulipa wanamuziki. Ndivyo muziki wetu ulivyolelewa kila mahali. NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park, iliyoanza 1978, ikaja kuwa chini ya DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Mpiga gitaa alikuwa mwajiriwa, gitaa lilikuwa mali ya mwajiri. Utaratibu ule ulitupa muziki mkubwa, siubezi hata kidogo. Ila bendi ya kiwanda inaishi kadiri kiwanda kinavyoishi. Kwenye baa ya wanachama, ngoma, spika, magitaa mawili na kinanda ni mali ya watu wenye hisa. Kila chombo kina namba ya rangi nyeupe, na daftari la vyombo liko kaunta. Bendi changa isiyo na kitu inaandikisha, inaweka dhamana, inapiga. Mjini hapa sijui mahali pengine ambapo kijana asiye na gitaa anaweza kupanda jukwaani Jumamosi akiwa na mazoezi yake tu.

Vinywaji ni vya kawaida, kwa bei ya kawaida: bia, soda, konyagi, maji. Wakati wa mvua kuna ulanzi, pombe ya mwanzi, unaoletwa na wagema kutoka vijiji vya Kilolo kwenye madumu, na hapa lazima uwahi. Ule unaofika mchana bado ni mtogwa, mtamu, unaweza kumpa hata mgeni ambaye hajawahi kuonja. Ukikaa hadi usiku unaanza kukolea, na wa kesho yake ni mkangafu, unywe ukiwa umekula. Mwanzi unakatwa ncha asubuhi na jioni, na kinachodondoka hakisubiri mtu, kwa hiyo kila dumu lina maandishi ya chaki: limefika saa ngapi. Napenda uangalifu huo. Vilabu vingi vya ulanzi vinakuuzia chochote kilichopo.

Jiko ndilo tatizo. Nyama choma ni nzuri, kitimoto ni nzuri zaidi, lakini unasubiri mpaka bendi inamaliza awamu ya kwanza. Mchomaji ni mmoja na jiko ni moja. Agiza unapoingia, kabla ya kukaa. Choo cha wanaume hakina taa tangu Pasaka, na cha wanawake kina foleni siku ya Jumamosi kwa sababu kipo kimoja. Jambo hili limezungumzwa kikaoni mara nyingi, na kila mara fedha zinakwenda kwenye kodi ya jengo kwanza. Naelewa, lakini mteja anayelipa hana sababu ya kuelewa.

Wahudumu sasa. Unaingia unasalimiwa kwa Kihehe, “kamwene, mnyalukolo”, hata kama sura yako ni ya Mtwara, na mtu anakuja mezani hujapiga mluzi. Wanalipwa mshahara, hawategemei bakshishi. Risiti ya EFD inatoka bila kuombwa. Mgeni mmoja wa kike aliyekuja peke yake aliniambia ni baa ya kwanza hapa mjini ambapo alikaa hadi saa nne usiku akisikiliza muziki na hakuna aliyemsumbua. Kuna mwanachama wa zamu mlangoni kila usiku, na anayesumbua wanawake anatolewa, awe na hisa ngapi.

Hilo la hisa lina uzito kwa sababu pale hisa haziongezi sauti ya mtu. Wanaendesha mambo kwa kanuni ya ushirika, ileile iliyo kwenye Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013: mwanachama mmoja, kura moja. Muuza mitumba wa Mlandege mwenye hisa moja na mhadhiri mwenye ishirini wananyoosha mkono mmoja mmoja. Vikao vinachosha. Tumewahi kubishana jioni nzima kuhusu kununua viti. Lakini hesabu za kila mwezi zinabandikwa ukutani pembeni ya friji, mteja yeyote anaweza kuzisoma akiwa ameshika glasi yake, na mimi sijaona baa nyingine inayothubutu.

Soma hesabu hizo ukienda. Kiingilio, 3,000 Alhamisi na 5,000 Jumamosi, kinakwenda chote kwa wanamuziki. Ukumbi haugusi hata shilingi. Vitu vingine vyote vinalipwa na kaunta: LUKU, mishahara, mlinzi, kodi ya jengo, ada ya hakimiliki ya muziki, kibali cha BASATA (baraza la sanaa), zimamoto, na leseni ya vileo ambayo inalipiwa kila baada ya miezi sita, umeuza hujauza. Faida ya chupa moja ya bia ni shilingi mia chache. Kwa hiyo mtu anayelipa kiingilio, anakaa kwa muda wa saa nne na soda moja, amemsaidia mwanamuziki na ameiacha baa mikono mitupu. Na yule anayekuja na chupa yake ndogo ndani ya koti, akajimiminia chini ya meza huku anashangilia bendi kuliko wote, anauvunja ukumbi anaosema anaupenda. Wapo, na baadhi ni rafiki zangu, nimewaambia.

Mweka hazina ni mama mmoja aliyestaafu benki. Siku moja nilimwambia, “Mama, Jumamosi tulijaa hadi nje, mwezi huu tutapumua.”

Akafungua daftari. “Fundi, mlijaa, ni kweli. Hebu tazama mauzo.” Yalikuwa chini ya Jumamosi ya mvua iliyokuwa na nusu ya watu. “Waliokuja siku ile walikuja kutazama. Wa siku ya mvua walikaa wakanywa na kula kwa sababu hawakuwa na pa kwenda. Mimi nawapenda wote, lakini kodi inalipwa na wale wa mvua.”

Kuna miezi migumu inayojulikana. Kihesa inaishi kwa wanafunzi, na vyuo vikifunga, kuanzia Chuo Kikuu cha Iringa hadi chuo cha Mkwawa na RUCU, chuo kikuu cha Kikatoliki cha Ruaha, mtaa unapoa. Kwaresima nayo, kwenye mji wenye Wakatoliki na Walutheri wengi namna hii, kaunta inalala. Zamani miezi hiyo ilikuwa inazibwa kwa mkopo. Siku hizi wanatenga kidogo kila wiki vyuo vikiwa wazi, na ukumbi unakodishwa mchana kwa kwaya za mazoezi na vikao vya VICOBA. Mpango mzuri. Ungeanza mapema zaidi tungekuwa na akiba ya maana leo.

Kuhusu kelele, majirani hawana ugomvi nasi, na si kwa bahati. Mwaka 2023 NEMC, baraza la mazingira, ilipofungia baa na kumbi kadhaa Dar es Salaam kwa sababu ya kelele, kamati haikusubiri zamu yake ifike. Ilikwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ikakaa na majirani, wakakubaliana. Mlango wa upande wa nyumba za watu umejazwa godoro kuukuu na kufungwa kabisa, spika zimegeuzwa zielekee bondeni, na mitambo inazimwa saa waliyokubaliana hata kama bendi imenoga. Jirani wa karibu ana namba ya simu ya meneja na anaitumia.

Sasa jengo. Mwenyewe anataka kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, badala ya miezi sita tuliyozoea, au akabidhiwe jengo lake ageuze hosteli ya wanafunzi. Simlaumu. Ni mali yake, na hosteli Kihesa ni biashara isiyolala. Kijana mmoja wa chuo alituletea kikaoni habari za baa ya London, eneo la Nunhead, iitwayo Ivy House. Kule walitumia sheria inayoruhusu wakazi kuorodhesha jengo lenye thamani kwa jamii, ili likitaka kuuzwa wapewe muda wa kutafuta fedha. Mwaka 2013 wakalinunua, wanahisa 371. Kikao kizima kilisikiliza kwa makini. Sisi tunachoshika mkononi ni mkataba wa pango tu, lakini idadi ile ya wanahisa ilituingia akilini, kwa sababu watu wanaojaa pale Jumamosi mbili tatu wanaifikia. Wengi wao hawana hisa.

Hisa moja ni 20,000. Unalipa kaunta, unaandikwa kwenye daftari, unapewa stakabadhi, na kikao kijacho unapiga kura. Huna uwezo huo, basi kula na kunywa pale, lipa kiingilio bila kuomba upunguziwe, nunua kikapu cha safu za chini. Una shughuli ya mchana, kodisha ukumbi. Kama ni mwanamuziki, jiandikishe kwa meneja siku za Jumanne, anataka kukusikia kwanza, wimbo mmoja unatosha. Njoo na nyaya zako za gitaa, maana za ukumbini mbili zimekatika kwenye kichwa. Niko nazo kibandani, zitarudi kabla ya Jumamosi.